Laini ya Marehemu Gharib

Maisara hakuwa mshamba wa mambo ya simu, na atakayekwambia alikuwa mshamba, mwambie hamjui. Alikosea, ndiyo. Lakini alikosea kwa adabu, na kosa la adabu linauma kupita yote, kwa sababu hata ukitafuta wa kumlaumu humpati.

Mumewe, Gharib, alifariki hospitalini alasiri ya Jumatano, akazikwa asubuhi ya pili yake. Matanga yalipokwisha, Maisara alikusanya vitu vya mumewe vya kila siku: miwani, kofia, tasbihi, na simu yake ya kabambe, ile ya vitufe, ambayo kifuniko chake kilishikiliwa na mpira. Aliizima kwanza. Hakuona vyema simu ya maiti iwe inalia ndani ya nyumba, watu wanamtaka mtu aliyekwisha kutiwa mchangani. Akavifunga vyote ndani ya kikoi, akavitia chini kabisa ya kasha, akakaa eda yake.

Miezi minne na siku kumi mjane hatoki ovyo, hajipambi, hajitii manukato. Anakaa na huzuni yake mpaka iishe, au ijifanye imeisha. Sasa laini ya simu nayo ina eda yake, ila ni fupi. Isipotumika kwa miezi mitatu hivi, kampuni huihesabu imekufa, akapewa mtu mwingine. Hilo Maisara hakulijua, na nani angemwambia? Waliokuja kumpa makiwa walimwambia asubiri, Mungu yu pamoja na wanaosubiri. Hakuna hata mmoja aliyemwambia atie salio.

Na laini ile, msiione hivyo, ndiyo iliyokuwa ufunguo wa kazi yote ya Gharib ya miaka tisa.

Gharib alikuwa karani wa bandarini. Alipostaafu, wenziwe walihamia barazani kucheza bao na kubishana siasa. Yeye akaingia katika nasaba. Alitaka kuandika shajara ya ukoo wake wote, nani kamzaa nani, kaoa wapi, kazikwa wapi. Akawa mtu wa kupiga hodi kwenye nyumba za watu, mitaa ya Kuze, Mkanyageni, Mjua Kale, akiomba kutolewa makaratasi makashani: hati za nyumba, vyeti vya ndoa, barua za herufi za Kiarabu zilizoliwa na mchwa pembeni. Akizipata, anazibeba kifuani kama mtoto mchanga mpaka Makadara, kwenye duka la Shukri. Shukri ni mwanamke wa makamo anayepiga picha za pasipoti, kuchapa barua na kuwajazia watu fomu. Pale Gharib aliziskani karatasi, akazihifadhi winguni, huko kwenye mtandao, kisha akazirudisha kwa wenyewe siku hiyo hiyo kabla ya magharibi. Hakutaka kulala na karatasi ya mtu.

Maneno ya winguni alimweleza mkewe mara nyingi. Barua za babu yake mwenyewe ziliharibiwa na mvua, paa lilivuja masika mamoja tu zikawa uji, na tangu hapo hakuamini kasha wala kabati. Nyumba huvuja, alisema, mtu husahau, flashi huliwa na chumvi ya bahari, lakini winguni hakuvuji. Maisara akamuuliza ni wingu gani hilo lisilovuja, na kazi ya wingu tangu kuumbwa ni kuvuja. Gharib alicheka mpaka akapaliwa na kahawa.

Alikuwa na utaratibu wake, wa bandarini ule ule. Kila nyumba na folda yake, kila karatasi na jina lake, mwaka kwanza, mtaa, kisha mwenyewe. Na hakuacha mahali patupu. Nafasi tupu ni uongo, alikuwa akisema. Ikiwa hujui sanduku limekwenda wapi, andika anayejua. Kwa hiyo shajara yake ilijaa neno moja: muulize. Mama yake fulani ni nani? Muulize Bi Kombe wa Kuze. Huyu alikufa mwaka gani? Muulize muuza halua. Akishajibiwa analifuta neno, anaandika jibu. Shukri alimtania kwamba ukoo wake una watu mia mbili na arubaini, na mia kati yao wanaitwa Muulize.

Maisara alimpelekea kahawa, akamwona anavyofurahi kumpata mtu aliyekufa miaka mia mbili nyuma, na akafurahi naye. Lakini kulikuwa na jambo moyoni mwake, na jambo hilo ndilo hasa ninalolisimulia.

Miaka thelathini na mmoja nyuma, Maisara alizaa binti. Mtoto aliishi siku tano. Siku ya saba, siku ya akika na ya kutiwa jina, haikumfikia. Gharib akamchukua kwa mikono yake akenda kumzika pamoja na wanaume. Wanawake kwetu hawendi makaburini, basi Maisara hata mahali alipolazwa hakupajua. Aliporudi, Gharib alinawa mikono, akakaa kitandani, asiseme neno. Wakaja wanawake wa mtaani wakamwambia Maisara asimtaje: yule ni akiba yake ya Akhera, na akimtaja mbele ya babake atamvunja. Naye akatii. Mola hakuwajaalia mwingine.

Kutia jina ni haki ya baba. Maisara aliamini mumewe alimpa mtoto jina kule kule kaburini, kwa kimya, na jina hilo analo kifuani ameshindwa kulitoa. Akangoja alitoe. Yeye mwenyewe alikuwa na lake, alilomwita kwa siri katika zile siku tano akimnyonyesha, lakini la mama ni la kubembelezea tu. Alilitaka la baba. Alingoja mwaka, akangoja kumi, akangoja mpaka kungoja kukawa tabia.

Kisha ikaja shajara, na hapo subira ikaanza kumchacha. Mtu anajua jina la mke wa tatu wa mjomba wa babu yake, na la mtoto wake halimtoki mdomoni! Mwaka wa nane, siku moja akiwa anamwekea kikombe, yalimtoka. "Wawaandika wa watu wote, Gharib," alimwambia. "Wako je?"

Gharib alitazama kikombe, akavaa kofia yake, akatoka. Alirudi baada ya isha. Hawakuzungumza tena jambo hilo mpaka kitanda cha hospitali.

Siku ile ya mwisho alikuwa na pumzi chache na alizitumia vizuri. Alimshika Maisara kidole akasema, "Nimemuandika mtoto." Maisara hakuuliza mtoto yupi. Aliinama akamuuliza, "Umemuandika kwa jina gani?" Gharib akamkazia macho, mdomo ukicheza, akimtazama kama mtu anayengoja kuambiwa kitu. Hapo muuguzi akaja na hewa, Maisara akatolewa nje. Aliporudishwa, mumewe alikuwa hasemi tena.

Basi eda nzima, Maisara alikaa na jambo moja. Jina lipo. Limeandikwa, liko winguni, halivuji. Shukri alipokuja kumzuru alimhakikishia kwamba kazi ya mzee iko salama, akitoka eda waifungue pamoja. Maisara akazihesabu siku kama mwari anayehesabu za harusi, na Mungu amsamehe, kuna siku alikaribia kufurahi.

Siku ya kwanza ya kutoka, alifungua kasha, akatoa kikoi, akatoa simu. Kikoi kilikuwa bado kina harufu ya Gharib, akakaa nacho kidogo. Kisha akavaa buibui akenda Makadara.

Duka lilikuwa na foleni ya watu wa fomu, Shukri akawaomba radhi wote, akamketisha. Akamweleza mlango ulivyo: Gharib alikuwa na neno la siri na hakuliandika popote, maana siri ikiandikwa si siri, hayo ni maneno yake mwenyewe. Lakini mlango una njia ya pili. Winguni watatuma tarakimu sita kwenye simu ya mwenyewe, ukizitia unafunguliwa. Akaichomeka kabambe kwenye umeme, wakangoja iamke. Ikaamka. Hakukuja kitu. Shukri akajaribu tena na tena, kisha akaigeuza ile simu, akaitazama laini, akamuuliza Maisara polepole ilizimwa lini.

Maisara akamwambia.

Shukri hakuweza kuficha uso wake. Akamweleza kwamba laini imekufa, na namba huenda amepewa mtu mwingine. Maisara alijiona anaizima simu ile kwa kidole chake mwenyewe, anaifunga kikoini kwa heshima, na jina la mwanawe limo ndani linakosa pumzi. Alisema kwa sauti, mbele ya watu wa fomu, kwamba amemzika mtoto mara ya pili. Shukri akamwambia hapana, ngoja, tuipige hiyo namba.

Ilipokelewa na mwanamke, aliyechoka hata kabla ya kusalimiwa. Kama wanamtaka Gharib, alisema, basi Gharib si yeye, na watu wa Gharib wamemchosha. Alinunua laini hiyo kama mwezi mmoja nyuma, na tangu siku hiyo wazee wanampigia bila hata kumuuliza yeye ni nani: mmoja kumwambia kwamba nyanya yake alikuwa mtu wa Takaungu, mwingine kwamba amekumbuka, yule bwana alioa mara mbili si mara moja. Wengine aliwaambia wamekosea namba, wengine akawaacha waseme wamalize maana walikuwa watu wazima. Lakini Shukri alipotaja tarakimu sita, sauti ikabadilika. Namba za kwenye ujumbe hatoi, redio imewaonya kila siku, ndivyo watu wanavyoibiwa. Shukri akaapa kwamba mjane wa Gharib yuko naye pale, na kuapa ndiko kulikoharibu. Mwanamke alisema kama hao ni watu kweli, na si wezi, wamfuate sokoni Marikiti, yeye ni Kadzo, anauza mboga za kienyeji upande wa kutokea, amwone huyo mjane kwa macho. Akakata.

Maisara alikwenda peke yake, kwa miguu. Pale Marikiti wapagazi walimpigia kelele apishe, akapisha, akauliza Kadzo wa mboga mpaka akaonyeshwa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtu wa Kaloleni aliyehamia Kibarani, ameketi nyuma ya mafungu ya mchunga na mnavu, anayanyunyizia maji. Maisara akasimama mbele yake hajui aanzie wapi. Akatoa kabambe na mpira wake, akaiweka juu ya gunia.

"Hii ndiyo simu ya Gharib," akasema. "Na mimi ndiye niliyeizima."

Kadzo akaitazama simu, akamtazama yeye. Akamwomba akae, akampisha kigoda chake. Maisara alimweleza yote, eda na kasha na siku tano na jina, mambo ambayo dada zake mwenyewe hakuwahi kuwaeleza. Pengine mgeni ni rahisi. Kadzo alisikiliza bila kuacha kunyunyiza, maana mchunga haungoji msiba wa mtu, lakini alipofika mahali pa jina mkono ulisimama. Akamwita jirani yake amwangalizie mboga, akafunga leso yake vizuri, akasema twende mama.

Dukani, Shukri alibonyeza, na simu ya Kadzo ikalia mle mle mkononi mwake. Aliifunika kioo kwa kiganja, desturi ni desturi, akamtazama Maisara mara moja ya mwisho, kisha akazisoma tarakimu moja moja.

Mlango ukafunguka.

Zilikuwa zimepangwa zote, folda juu ya folda, Kuze, Mkanyageni, Mjua Kale, kila karatasi na mwaka wake. Shukri akavuta pumzi kwa fahari kama kwamba kazi ni yake. Kulikuwa na folda ya sauti, Gharib mwenyewe akiwahoji wazee, na Maisara alijua siku nyingine itabidi aisikilize, lakini si leo. Akasema, shajara. Shukri akaifungua, wakateremka nayo, majina kwa majina, mababu waliokwisha kuwa mchanga, mpaka chini kabisa kwenye jina la Gharib na ubavuni mwake jina la Maisara. Na chini yao, mstari mmoja.

Maisara hakuja na miwani, basi Shukri akamsomea. Binti. Kazaliwa Ijumaa alfajiri. Kafa Jumanne kabla ya adhuhuri. Kazikwa safu ya tatu kutoka ukutani, karibu na mwarubaini, kichwani pana jiwe jeupe nililoliweka mwenyewe.

Hapo Shukri akaondoa macho kwenye kioo, akamtazama Maisara.

"Jina," Maisara akasema. "Soma jina."

"Jina," Shukri akasoma. "Muulize Maisara."

Watu wa fomu walikuwa wakizungumza nje, bodaboda zikipita. Maisara akamwambia asome tena. Akasoma tena. Yalikuwa hayo hayo. Shukri, kwa kutojua la kufanya, akafungua mahali panapoonyesha kila kitu kiliandikwa lini. Mstari ule ulikuwa wa kwanza kuandikwa katika shajara yote, miaka tisa nyuma, siku ya kwanza, kabla hata ya jina la baba yake Gharib. Na kila mara alipougusa aliacha neno dogo na tarehe yake.

Muulize Maisara.

Si leo, ana homa.

Baada ya Idi.

Leo kanikasirikia, na haki yake. Nimuulize kesho.

Na la mwisho, wiki mbili kabla ya hospitali: Muulize, Gharib. Wangoja nini?

Maisara akayaona yale macho ya hospitalini. Alidhani yalikuwa yakijaribu kumwambia. Yalikuwa yakimuuliza. Mtu aliyepiga hodi kila nyumba ya mji huu kuuliza habari za wafu, swali moja tu lilimshinda, la kumuuliza mtu aliyelala naye kitanda kimoja. Na yeye, Maisara, jibu alikuwa nalo muda wote, amelikalia, anangoja lake. Miaka thelathini na mmoja walipishana mlangoni, huyu akidhani jina liko kwa yule, mpaka mmoja akafa. Akainamisha kichwa juu ya meza ya Shukri, akalia kama hakuwahi kukaa eda hata siku moja.

"Angeniuliza," akasema. "Ningemwambia siku ile ile."

Kadzo alikuwa amesimama nyuma yake. Aliinama akasoma mwenyewe kile kioo, kwa kidole, neno kwa neno.

"Maisara si ni wewe, mama?"

"Ni mimi."

"Basi mimi nakuuliza. Aitwa nani?"

Maisara alifuta uso kwa ncha ya mtandio. Jina hilo alilitamka mara ya mwisho akiwa na maziwa kifuani, na alihofia sauti haitalikumbuka.

"Swabaha," akasema. "Kwa kuwa alikuja na asubuhi."

Kadzo akalirudia, Swabaha, ili alipate vizuri. Shukri akaliandika pale, Swabaha binti Gharib, kisha akapeleka mshale kwenye lile neno la muulize, maana ndivyo mzee alivyokuwa akifanya, jibu likipatikana swali linafutwa. Maisara akamshika mkono.

"Hilo usiliguse," akamwambia. "Nimengoja miaka thelathini na mmoja kuulizwa."

Shukri akauondoa mkono wake, akahifadhi shajara ilivyo, na Kadzo akarudi kwenye mboga zake.